Fundi Rangi wa Kamanga
Kijana azoeaye kuvuka kwa kivuko cha Kamanga baina ya Mwanza na Sengerema, akaziona nyumba mpya za matofali zikizidi upande ule, seuze sasa ambapo daraja la Kigongo–Busisi limekwisha kufunguliwa tangu Juni 2025, si ajabu akatamani biashara ya kupaka rangi, kwani rasilimali yake ni hafifu: brashi, rola, msasa, ngazi na ndoo. Lakini kazi yenyewe, aghalabu, ni subira ya kukwangua ukuta, kuziba nyufa na kungoja lipu ikauke barabara, maana lipu mbichi hutoa chumvi za saruji zinazoibabua rangi; tena kwa kazi ya nje na autazame mwezi, kwa sababu mwandamo huja na wale wadudu wa ziwani wapandao angani kama moshi, nao wakinasa katika rangi ya mafuta isiyokauka, hawabanduki ila kwa msasa. Ama ujira (na wenye nyumba wetu nawafahamu), apatane kwa maandishi, rangi anunue mwenye nyumba kwa mkono wake, na hesabu iwe ya mita za mraba, wala si ya vyumba, ambavyo huku kwetu havina udugu kwa ukubwa.