Konzo si Uchawi wala Uvivu

Wako miongoni mwetu watu wenye elimu ambao, wakisikia kwamba mama wa kijijini ameamka asubuhi miguu imekakamaa na hawezi kutembea, hutoa moja ya majibu mawili. Wengine husema karogwa. Wengine husema ni uvivu wake, hakuandaa muhogo ipasavyo. Majibu yote mawili ni ya kukwepa wajibu, na yafaa yapingwe.

Ugonjwa huo ni konzo. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, nchini Congo, ambako kwa Kiyaka jina hilo maana yake ni miguu iliyofungwa. Asili yake ni sumu ya sayanaidi iliyomo katika muhogo mchungu.

Mkulima aijua sumu hiyo. Humenya, huroweka au huvundika, huanika siku kadhaa, ndipo husaga. Wala si ujinga kuupanda: muhogo huo hustahimili ukame, na wanyama waharibifu huuepuka. Mwili nao una kinga yake, kwani protini itokanayo na samaki, nyama na maharage huusaidia kuondoa sumu iliyobaki.

Njaa ikiingia, kinga zote mbili huanguka pamoja. Watoto wanalia, hivyo siku za kuanika hupunguzwa; kitoweo hakuna, na ugali wa muhogo huliwa asubuhi na jioni kwa majuma mengi. Hapo ndipo hudhurika chembe za fahamu zipelekazo amri ya ubongo miguuni. Ulemavu huo hudumu maisha, na waathiriwa wengi ni watoto na akina mama wa umri wa kuzaa.

Ushahidi upo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walilemaa Nampula, nchini Msumbiji. Mwaka 1985, ukame tena, ikawa zamu ya Tarime. Mwaka 2002 na 2003 ikawa Mtwara. Tangu lini mchawi akangoja mvua ikatike ndipo aroge? Na uvivu gani huo uzukao mwaka wa njaa tu?

Kinga haihitaji fedha nyingi. Unga hukorogwa kwa maji, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa mbili juani au tano kivulini, na sehemu kubwa ya sumu hutoka hewani. Ugali hupikwa siku iyo hiyo. Njia hiyo ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na imezuia konzo katika vijiji vya Popokabaka, nchini Congo.

Basi mwalimu aifundishe darasani, bwana shamba aionyeshe uani, na mtumishi wa wilaya apeleke maharage kabla ya machela. Konzo haina tiba. Mtoto akilemaa mahali ambapo maji, mkeka na jua vipo, lawama si ya mama yake. Ni ya yule aliyejua akanyamaza.