Gari Ndogo Inaweza, Ila Sio Barabara ya Kenyatta Usiku

Najua UE zinanukia na kila mtu yuko bize na madesa, ila hili jambo limenikaa rohoni nikaona nilitoe.

Kuna ubishi hapa Malimbe hauishi, hasa jioni kwa mama ntilie. Kundi la kwanza linasema Vitz, IST na Starlet ni gari za kwendea sokoni, haziwezi mwendo. Kundi la pili, wale wanaoazima gari ya kaka mtu wikiendi, linasema zinaweza sana, halafu usiku wanakwenda kuthibitisha barabara ya Kenyatta au ile ya kwenda uwanja wa ndege. Mimi nasema wote wamekosea, ila hawa wa pili kosa lao litatuletea msiba.

Tuanze na wenye dharau. Mwaka 1993 kwenye Safari Rally ya Kenya, Juha Kankkunen alishinda na Toyota Celica, na Toyota ikachukua nafasi nne za mwanzo. Unajua waliofuata? Nafasi ya tano, sita na saba zilikwenda kwa Daihatsu Charade. Kijigari cha silinda tatu, cc 993, kinavutwa na matairi ya mbele tu. Ukiacha turbo, injini yake inalingana na Vitz ya cc 1000! Na zamani zaidi, mwaka 1964, Msweden Erik Carlsson alishika nafasi ya pili kwenye East African Safari na Saab 96, nayo inavuta mbele. Kwa hiyo jamani, gari ndogo tuiheshimu.

Lakini wale hawakufika kwa kukanyaga mafuta kama vichaa. Walizijua gari zao, na hapo ndipo kundi la pili linapopwaya.

Kwenye gari inayovuta mbele, matairi mawili ya mbele yanafanya kazi tatu: yanavuta, yanakata kona, na yanabeba sehemu kubwa ya breki. Injini na gea boksi navyo vimekaa huko huko mbele. Tairi ina uwezo wake wa kushika barabara, na uwezo huo ni kama bumu: ukilimaliza lote kwenye kiatu, hela ya kula huna. Ukiingia kona na mwendo mkubwa, ukakata usukani na huku unakanyaga mafuta, tairi inazidiwa. Pua ya gari inakwenda nje ya kona, usukani unauona mwepesi. Wengi hapo wanaongeza kukata usukani, na ndio wanaharibu zaidi. Dawa ni kupunguza mafuta taratibu, kurudisha usukani kidogo na kusubiri tairi ishike tena.

Kosa la pili ni kuogopa katikati ya kona. Mtu ameingia mbio, anashtuka, anaachia mafuta ghafla au anakanyaga breki. Uzito wote unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi, mkia unachomoka. Hapo elekeza usukani upande ule mkia unakokwenda, usikanyage breki, na kama kuna nafasi ongeza mafuta kidogo ili matairi ya mbele yaivute gari inyooke. Kusema hivi ni rahisi. Kufanya kwa nusu sekunde bila kuwahi kujaribu ni ndoto.

Ndio maana wanaojua wanamaliza kazi kubwa kabla ya kona. Breki unakanyaga gari ikiwa imenyooka, kisha unaiachia pole pole unapoanza kukata, ili uzito ubaki mbele na tairi zishike. Macho yanatazama unakotaka kutokea, sio boneti. Usiwahi kukata ndani mapema, kwa sababu utajikuta unatupwa nje mwishoni. Mafuta unaongeza kadiri unavyonyoosha usukani. Kwa kifupi, ingia taratibu utoke haraka. Na baada ya mizunguko michache ya nguvu, zungusha gari polepole breki zipoe, maana zikichemka sana pedeli inaweza kuzama na gari isisimame.

Sasa niambieni, hayo utajifunzia Mkuyuni saa tano usiku? Watu wanavuka, bodaboda nyingine haina taa, daladala inasimama popote abiria alipo. Ukitoka kilometa 40 kwa saa ukaenda 80, umbali wa kusimama tangu breki iliposhika unakuwa mara nne, sio mara mbili. Hiyo ni fizikia ya sekondari tu. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ile inayochanganya vumbi na oili, inakuzidishia hata hapo. Mwamba wa Mwanza nao haukwepi gari, na yule mama anayerudi na beseni lake la dagaa hakuomba kuwa kwenye mashindano yenu.

Wapo wanaosema basi vijana wakamatwe, mambo yaishe. Wakamatwe sawa, lakini mimi ni mwanafunzi wa elimu na naamini mtu hujifunza pale anapoweza kukosea bila kufa. Huwezi kumfundisha mtoto kuogelea katikati ya Ziwa Victoria.

Wenzetu Kenya wana autocross. Ni njia fupi ya vumbi iliyofungwa, gari moja moja inashindana na saa, na gari za kuvuta magurudumu mawili zina madaraja yake. Kwa nini sisi tusianze hata kidogo zaidi ya hapo? Tuombe uwanja mmoja mpana kwa mwenye nao, tupate na kibali cha polisi. Tuweke koni, gari moja kwa wakati, helmeti na mkanda ni lazima, tairi kipara hairuhusiwi, watazamaji wakae mbali nyuma ya kitu kigumu, na mtu wa huduma ya kwanza awepo. Hakuna haja ya kufika hata kilometa 60 kwa saa. Koni ikigongwa unaisimamisha tena, maisha yanaendelea.

Na nina uhakika wengi wanaojiita madereva usiku wataziangusha koni zote mchana kweupe. Hiyo itakuwa shule nzuri kuliko mahubiri yangu haya.

Mwenye ndugu mwenye uwanja aseme tujipange baada ya UE. Mpaka siku hiyo, gari ya kaka mtu irudishwe nyumbani mapema.

Nawasilisha.