Mzio si Deko: Damu Inaweza Kutoa Ushahidi

Katika shule zetu za bweni, mwanafunzi anayesema kwamba njugu au samaki humdhuru mara nyingi hutazamwa kwa jicho la shaka. Huambiwa kwamba amedekezwa na mapochopocho ya kwao, na kwamba njaa itamfunza adabu. Wakati huo huo, wapo wanafunzi ambao kila chakula wasichokipenda hudai kuwa kinawaletea "aleji". Makundi haya mawili tumeyatia katika kapu moja, na mchanganyiko huo waweza kumtoa mtu roho.

Kiswahili hakikukosa neno la jambo hili. Mzio ni kile ambacho mtu hana budi kukiepuka, ama kwa sababu ni mwiko, ama kwa sababu kitamdhuru. Neno linalotumiwa Ulaya lilibuniwa mwaka wa 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi". Hata hivyo, neno letu lina mtego wake. Mwiko hauhitaji kuthibitishwa, hutosha kuheshimiwa. Maradhi, kwa upande wake, hudai ushahidi. Tunapotumia neno moja kwa yote mawili, twaweza kusahau kuuliza ushahidi uko wapi.

Waswahili husema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa muda mrefu ndivyo ulivyokuwa mzio: aliyeujua ni aliyeugua. Leo upo uchunguzi wa maabara unaoweza kuiuliza damu yenyewe.

Miongoni mwa chembe nyeupe za damu kuna zile ziitwazo basofili. Ni chache mno, kwa kawaida hazifiki hata moja katika kila mia, na ndani yake mna vifuko vilivyojaa histamini. Juu yake hukaa kingamwili za aina ya IgE, ambazo ziligunduliwa katika miaka ya 1960 na watafiti waliokuwa Marekani na Sweden. Mtu mwenye mzio wa njugu anapokula njugu, kingamwili hizo huishika protini ya njugu, basofili zikaamka na kumwaga histamini. Hufanya hivyo pia chembe ndugu zake zilizo katika ngozi, mapafu na utumbo. Mwili huwasha na kuvimba, pumzi hubana, na mgonjwa asipowahiwa kwa dawa ya adrenalini, huenda akafa.

Vipimo vya kawaida, yaani kuchoma ngozi kidogo au kupima IgE katika damu, huonyesha kwamba kingamwili zipo. Havithibitishi kwamba zitadhuru. Wapo watu wengi wenye kingamwili dhidi ya njugu ambao huzila bila neno. Askari kuwa na bunduki si sawa na askari kufyatua risasi.

Uchunguzi wa basofili huangalia ufyatuaji wenyewe. Damu kidogo huchanganywa na protini ya njugu ndani ya chupa. Basofili ikiamka, protini iitwayo CD63, ambayo hujificha katika kuta za vile vifuko, hujitokeza juu ya chembe. Hutiwa rangi inayong'aa, kisha mashine yenye mwanga wa leza huzipitisha chembe moja moja na kuhesabu zilizoamka. Mgonjwa hatii njugu kinywani. Hatari yote hubakia chupani. Mwaka wa 2014 watafiti wa London walionyesha kwamba kwa njia hii waliweza kuwatenga vizuri watoto wenye mzio wa njugu na wale waliokuwa na kingamwili tu.

Sidai kwamba hii ni dawa ya kila swali. Damu yapaswa kupimwa ingali mbichi, aghalabu kabla ya siku moja kupita. Isitoshe, wapo watu ambao basofili zao haziitikii maabarani zinapochochewa kupitia IgE. Kimya chao kisichukuliwe kuwa ni usalama. Si uchunguzi wa kila zahanati pia. Lakini mashine za jamii hii si ngeni nchini: zimetumika kuhesabu chembe za CD4 za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Hapo pana funzo kwetu sisi wa lugha. CD4 na CD63 ni majina ya orodha moja. Zamani kila maabara iliziita protini hizi kwa jina lake, hata wataalamu wakawa hawaelewani, mpaka walipokutana Paris mwaka wa 1982 wakaanza kukubaliana. Nasi tuketi pamoja, wanaisimu na matabibu. Napendekeza hali ya kuwa na kingamwili tu iitwe utayari wa mzio, na neno mzio lihifadhiwe kwa mwili unaodhurika kweli. Mzazi atakayeyapata maneno haya mawili ataelewa majibu ya daktari, wala hatamnyima mwanawe chakula bure au kumlisha sumu.

Kwa walimu, wajibu ni mwepesi zaidi. Mwanafunzi akisema kwamba chakula fulani humvimbisha midomo au humbana pumzi, aaminiwe, jina lake liandikwe, jikoni pajulishwe, naye apelekwe kwa daktari. Akithibitika hana mzio, shule itakuwa imepoteza sahani moja ya maharagwe. Akilazimishwa kula, naye kumbe anao, hakuna adhabu wala msamaha utakaomrejesha.