Somo la kwanza la poka ni kuamua mapema utaacha lini

Msomaji wa safu hii, kijana wa miaka 26 anayefanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam, ameniandikia ujumbe. Yeye na wenzake watatu wa ofisini wameanza kucheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha. Walianzia kwenye simu, sasa kila mwisho wa mwezi wanakwenda kasino. Anauliza: “Daktari, mbali na kukesha, kuna madhara gani kiafya? Na mtu anayeanza ajihadhari na nini hasa?”

Namjibu hapa kwa sababu jibu lake linawahusu pia wanaojaza mikeka ya mpira na wanaocheza kindege.

Jambo kubwa la kujifunza katika poka ni kuweka karata chini. Kila duru, mchezaji huamua kuongeza fedha au kuacha. Ukishaweka Sh20,000 mezani, hizo si zako tena. Ni za atakayeshinda duru hiyo. Mgeni wa mchezo bado huziona ni zake, hivyo huongeza Sh30,000 kuzilinda, hata kama karata alizoshika ni mbovu. Mchezaji mzuri huacha duru nyingi kuliko anazocheza.

Kwetu madaktari, kufuata fedha iliyopotea ni moja ya dalili kuu za uraibu wa kamari. Mtaani dalili hiyo ina jina lake: “Narudisha hela yangu.”

Mwaka jana nilimpokea dereva wa bodaboda, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja. Alilalamika kichwa kinamuuma na usingizi hapati. Presha ilikuwa juu, vipimo vingine vilikuwa vizuri. Nilipomuuliza anawaza nini usiku, alikaa kimya kwanza. Kisha akasema alipoteza hesabu ya siku ya mwenye pikipiki, Sh10,000. Akakopa kwenye simu airudishe, nayo ikaenda. Akagusa ada ya mtoto. “Daktari, sikuwa nacheza tena,” aliniambia. “Nilikuwa narudisha hela yangu.”

Huyu si mjinga wala hana tamaa kuliko mimi na wewe. Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, na huitoa hata pale unaposubiri matokeo usiyoyajua, kabla hujashinda chochote. Picha za ubongo zimeonyesha kuwa kukosa kidogo, kwa mfano mkeka kuchanwa na mechi moja tu, huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda. Umepoteza, lakini ubongo unakuambia ulikaribia. Wakati huohuo homoni za msongo hupanda na moyo hudunda kwa kasi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo breki yetu, hulegea kwa uchovu, hasira na pombe.

Ndiyo maana uamuzi wa kuacha haufai kusubiri hadi mtu aanze kupoteza. Saa hiyo anayetakiwa kuamua ndiye aliyeumizwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, na linakadiria kuwa asilimia 1.2 ya watu wazima duniani wanao. Wengi wanaocheza hawaugui, ni kweli. Lakini mgonjwa mmoja hubeba nyumba nzima: mke, watoto, mama aliyeuza shamba.

Hapa ndipo nina neno na wakubwa wetu. Matangazo ya kamari huishia na maneno “cheza kistaarabu”, na sheria yetu inakataza walio chini ya miaka 18. Ni vizuri, ila kumwambia aliyekatika breki apunguze mwendo hakutoshi. Jirani zetu Kenya, Aprili 2025, walisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo wakapata sheria mpya ya kuidhibiti. Nasi tuna la kufanya: kikomo cha fedha ambacho mchezaji anakiweka kabla ya kuanza na hawezi kukipandisha usiku uleule. Mfumo unaoweza kupokea fedha kwa sekunde chache unaweza pia kuzikataa.

Kwa kijana wangu mhasibu: kabla hujatoka nyumbani, tenga fedha ambayo ikipotea yote, kodi, chakula na marejesho havitaguswa. Bebeni taslimu, simu yenye mikopo ibaki kwa asiyecheza. Panga saa ya kuondoka, na uondoke hata kama unapoteza. Usicheze umekunywa au una hasira. Kumbuka pia kwamba kasino hukata chake kwenye meza ya poka, hivyo wachezaji wote kwa pamoja huondoka na pungufu ya walichoingia nacho.

Jichunguze. Je, unarudi kesho yake kufidia ya jana? Unamficha mwenzako? Unakopa ili ucheze? Unakosa utulivu usipocheza? Ukijibu ndiyo, hata kwa moja, zungumza na daktari. Matibabu yapo, na msingi wake ni ushauri nasaha wa mfululizo. Wanaotumia dawa za ugonjwa wa Parkinson wakiona hamu ya kamari imewajia ghafla, wamweleze daktari wao, maana baadhi ya dawa hizo huileta, wasiziache wenyewe. Na aliyefikia kuwaza kujiua kwa sababu ya madeni apelekwe hospitali leo, asiachwe peke yake.

Yule dereva bado analipa madeni kidogo kidogo. Presha imeshuka. Sh10,000 ile ya kwanza hakuipata, na ameacha kuitafuta.