Upasuaji wa roboti wa kichwa na shingo

Upasuaji wa roboti wa kichwa na shingo ni njia ya kutibu magonjwa ya kinywa, koo na shingo ambapo daktari mpasuaji anaongoza vyombo vidogo vilivyofungwa kwenye mikono ya mashine. Ingawa inaitwa roboti, mashine hiyo haijiamulii lolote. Kila mwendo wake unatoka mikononi mwa daktari, ambaye kwa kawaida ameketi ndani ya chumba hichohicho cha upasuaji akitazama picha iliyokuzwa ya ndani ya koo.

Njia hiyo imeenea tangu mwaka 2009, hasa kwa saratani ya tonsili na ya shina la ulimi. Hata hivyo majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba kuweza kufika mahali pagumu hakumaanishi kwamba mgonjwa atapona vizuri zaidi kuliko kwa tiba nyingine.

Asili

Shina la ulimi liko nyuma sana, wala halionekani mtu anapofungua kinywa. Zamani, ili kuondoa uvimbe wa mahali hapo, mara nyingi daktari alilazimika kupasua mdomo wa chini na kukata taya. Mgonjwa alibaki na kovu usoni na pengine shida ya kumeza na kusema. Kwa sababu hiyo hospitali nyingi zilianza kupendelea mionzi pamoja na tibakemikali. Tiba hiyo iliepusha kisu, lakini ina madhara yake: kinywa kukauka, misuli ya koo kukakamaa na, kwa baadhi ya wagonjwa, kulishwa kwa mpira.

Katikati ya miaka ya 2000, Gregory Weinstein na Bert O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walianza kupitisha vyombo vya roboti ya da Vinci kinywani bila kukata taya. Desemba 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha njia hiyo kwa vivimbe vidogo. Mwaka 2019 iliidhinisha kwa koo aina ya da Vinci SP, inayopitisha kamera na vyombo vitatu katika bomba moja lenye upana wa sentimita 2.5. Nchini Italia, Claudio Vicini na wenzake wa Forlì waliitumia roboti kupunguza nyama ya shina la ulimi kwa watu ambao pumzi yao hukatika usingizini.

Wagonjwa wapya

Roboti ilikuja wakati aina ya wagonjwa ilikuwa ikibadilika. Zamani saratani ya koo ilihusishwa hasa na tumbaku na pombe. Katika Marekani na Ulaya Magharibi, sehemu kubwa ya saratani za tonsili na shina la ulimi sasa inatokana na virusi vya HPV, vilevile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wagonjwa hao mara nyingi ni wenye umri mdogo zaidi, na wengi wao hupona kwa tiba yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo swali si kupona tu, bali pia jinsi mtu atakavyokula, kusema na kuishi miaka mingi baada ya matibabu.

Majaribio ya kulinganisha

Jaribio la ORATOR, lililofanyika Kanada na Australia, liligawa wagonjwa 68 kwa kura katika makundi mawili yenye idadi sawa: upasuaji wa kupitia kinywa au mionzi. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wa kumeza ulipimwa kwa alama 100. Kundi la mionzi lilipata wastani wa 86.9 na kundi la upasuaji 80.1. Tofauti hiyo ilikuwa chini ya alama 10, kiasi ambacho watafiti walikiweka kuwa mgonjwa mwenyewe angekihisi. Waliopata mionzi walilalamika zaidi kuhusu masikio, na waliopasuliwa zaidi kuhusu kinywa kutofunguka vizuri. Mgonjwa mmoja wa kundi la upasuaji alifariki kwa kuvuja damu.

Jaribio la pili, ORATOR2, lilihusu saratani ya HPV peke yake, na tiba ilipunguzwa makali katika makundi yote mawili. Lilisimamishwa mapema likiwa na wagonjwa 61, baada ya vifo viwili vilivyotokana na matibabu katika kundi la upasuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Wapasuaji kadhaa waliyapinga majaribio hayo. Walisema kwamba uzoefu wa daktari una uzito mkubwa, na kwamba kufunga mishipa ya damu ya shingoni wakati wa upasuaji hupunguza hatari ya kuvuja damu nyingi baadaye. Pia walitaja jaribio la E3311 la Marekani, ambapo wagonjwa wote walipasuliwa kwanza. Wale wenye hatari ya kati walipewa mionzi ya grei 50 au 60 kwa kura. Baada ya miaka miwili, asilimia 94.9 ya waliopewa grei 50 na asilimia 96.0 ya waliopewa grei 60 walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea.

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba baada ya upasuaji mionzi inaweza kupunguzwa. Hayaonyeshi kwamba upasuaji unashinda mionzi, kwa sababu hapakuwa na kundi lililotibiwa bila kupasuliwa.

Tezi ya shingo

Mwaka 2007 Woong Youn Chung wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, alianza kuondoa tezi dundumio, iliyoko mbele ya shingo, kwa roboti inayopitia kwapani ili kovu lisionekane. Wagonjwa hawakukosekana. Kupima tezi kwa ultrasound kulikuwa kumeenea nchini humo, na vivimbe vidogo visivyo na madhara viligunduliwa kwa wingi. Huko faida kubwa ni ya sura, na mgonjwa hubadilishana kovu fupi la shingoni kwa njia ndefu zaidi chini ya ngozi, inayoweza kudhuru mishipa ya fahamu ya mkono.

Afrika Mashariki

Mwaka 2023 kituo cha IRCAD Africa kilifunguliwa Kigali, Rwanda, kufundisha wapasuaji mbinu za matundu madogo. Lakini roboti ya koo inafaa kwa uvimbe mdogo, na katika eneo hili wagonjwa wengi wa saratani ya kichwa na shingo hufika hospitali uvimbe ukiwa umekua. Mionzi pia ni haba: mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda iliharibika, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Kenya.

Chanjo ya HPV hutolewa kwa wasichana Rwanda tangu 2011, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019, kwa lengo la kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Inakinga pia dhidi ya aina ya HPV inayosababisha saratani nyingi za koo. Kwa nchi yenye fedha chache, chanjo, uchunguzi wa mapema na mashine za mionzi zinazofanya kazi huwafikia watu wengi zaidi kuliko roboti moja katika hospitali ya mji mkuu.