Pasaka, Mkate na Divai: Maana Ilibadilika Wapi?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), na ndugu zake Nabii Musa na Nabii Issa (AS), ambao ndio tutakaowazungumzia leo.

Ndugu wazazi, watoto wetu wengi wanasoma katika shule zilizoanzishwa na makanisa. Huko wanawaona wenzao wakijipanga mbele ya padri au mchungaji, kila mmoja akipewa kipande cha mkate, na pengine divai. Likizo ikifika wanauliza: "Baba, ule mkate ni wa nini?" Wengi wetu hujibu kwa mkato: "Achana na mambo yao." Mtoto hunyamaza, lakini hajajibiwa. Kesho akiambiwa kuwa ibada ile asili yake ni Nabii Musa (AS), atasema nini?

Basi tuanze hapo hapo kwa Nabii Musa.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaeleza usiku wa mwisho wa Banii Israil chini ya Firauni. Kila nyumba iliamrishwa kuchinja mwanakondoo au mwanambuzi dume wa mwaka mmoja. Damu ipakwe kwenye miimo ya mlango na kizingiti cha juu. Nyama ichomwe, iliwe usiku ule ule pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Kisha wakumbuke siku hiyo kila mwaka. Na humo humo wameagizwa kwamba watoto wao wakiuliza maana ya ibada hiyo, waelezwe. Hata wao hawakuambiwa wamnyamazishe mtoto!

Sasa tutazame mambo manne.

Kwanza: sura hiyo haitaji popote kusamehewa dhambi. Pasaka ni ukumbusho wa Mungu kuwaokoa watu na dhalimu. Kafara ya dhambi ina sheria zake mbali, katika kitabu cha Walawi.

Pili: damu ya Pasaka ilipakwa mlangoni, haikunywewa. Walawi sura ya 17 inakataza kabisa kula damu, kwa Mwisraeli na kwa mgeni anayekaa naye. Vipi basi karamu ya watu walioharamishiwa damu ya mnyama igeuke kuwa ibada ya kunywa damu ya Mtume wao, iwe kwa hakika au kwa mfano?

Tatu: Injili zenyewe hazisemi jambo moja. Marko 14 inaonyesha kuwa chakula cha mwisho cha Yesu kilikuwa cha Pasaka. Yohana 18 inaonyesha kuwa asubuhi iliyofuata Mayahudi waliompeleka kwa Pilato walikuwa bado hawajaila Pasaka. Tena Yohana, anaposimulia usiku ule, hataji maneno ya mkate na kikombe. Anasimulia kuoshwa miguu. Na maneno kwamba damu ile ni kwa ondoleo la dhambi, katika habari za kikombe yamo kwa Matayo peke yake. Marko, Luka na Paulo hawana.

Nne: kipo kitabu cha Wakristo wa mwanzo kiitwacho Didake, kilichochapishwa mwaka 1883 baada ya kupotea kwa karne nyingi. Ndani yake zimo dua za shukrani juu ya kikombe na mkate. Dua hizo hazitaji mwili wala damu ya Yesu. Zinamshukuru Mungu, basi.

Mkristo atakujibu kuwa Yesu aliipa Pasaka maana mpya, na kwamba Paulo amemwita Kristo Pasaka yetu katika 1 Wakorintho 5. Tunamsikiliza. Lakini akisema maana ni mpya, amekwisha kukiri kuwa maana hiyo haikutoka kwa Musa. Na hiyo maana mpya, wenyewe hawajakubaliana. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulisema mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu. Mwaka 1529 Luther na Zwingli walikutana Marburg, wakaachana bila kuafikiana: huyu anasema mwili upo, yule anasema ni ukumbusho tu. Ibada ambayo ndiyo alama ya umoja wao imekuwa sababu ya kugawanyika.

Na sisi je? Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura kwa kumshukuru Mungu aliyemwokoa Musa. Naye akafunga, akatuamrisha tufunge. Tunaukumbuka wokovu ule ule, na shukrani yote inamwendea Aliyeokoa. Katika Suratul Maida, aya 112 hadi 115, wanafunzi wa Issa waliomba meza ya chakula kutoka mbinguni. Naye akamuomba Mola wake, iwe sikukuu kwao na ishara. Mwombwaji ni Mungu, na Issa ni muombaji. Nyama na damu za wanyama tunaochinja hazimfikii Allah. Kinachomfikia ni ucha Mungu wetu (Al-Hajj, aya 37).

Wanangu wanafunzi, msishiriki ibada ile. Ukialikwa, kataa kwa upole na ueleze sababu. Lakini msicheke, wala msimtukane mtu anayelia mbele ya altare yake. Tumeamrishwa tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora (Al-Ankabut, aya 46), na njia bora huanza na kujua.

Na wewe mzazi, mtoto akiuliza tena, kaa naye mkekani umjibu. Usipomjibu wewe, atajibiwa na mwingine.

Wabillahi tawfiq.