UCHANGANUZI: Mgeni wa wikendi ana raha, lakini je, mwenyeji atapona?

IJUMAA jioni, wakati wengi wanang'ang'ania matatu za kurudi nyumbani, wapo wakazi wa Nairobi wanaofunga mizigo midogo kwa safari ya saa moja hivi. Hawaendi Diani wala Naivasha. Wanatoka Embakasi na hata Kasarani, wakaelekea Kilimani, Kileleshwa au Westlands, ambako wamekodi nyumba ya ghorofani kwa siku mbili.

Raha yao si ya kubezwa. Jumamosi huamka bila haraka, wakanywa kahawa roshanini huku jiji likiwa chini yao. Anayependa kunyoosha miguu huenda Nairobi Arboretum, msitu mdogo ulioanzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ambayo ingefaa kuwa kuni za garimoshi. Mchana huwa ni wa madukani, Yaya Centre au Sarit Centre. Usiku, mikahawa ya Kihabeshi ya Hurlingham na ya Kihindi ya Westlands huwa tayari. Kufikia Jumapili alasiri, mtu hurudi kwake akihisi kwamba amesafiri, ilhali hajavuka mpaka wa kaunti.

Desturi hii haikuzuka hivi hivi. Mnamo Aprili 2020, serikali ilifunga jiji la Nairobi kutokana na janga la Covid-19, na kwa miezi mitatu hakuna aliyeruhusiwa kutoka wala kuingia bila kibali. Waliozoea kwenda Pwani walilazimika kutafuta burudani karibu na kwao.

Vikwazo hivyo viliondolewa, lakini gharama ya maisha ikachukua nafasi yake. Mwaka wa 2023, ushuru wa VAT kwa mafuta uliongezwa maradufu hadi asilimia 16. Januari 2024, nauli ya garimoshi la SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 kwa daraja la kawaida. Familia ya watu wanne ikihesabu nauli ya kwenda na kurudi, hujikuta imetumia Sh12,000 kabla ya kulipia kitanda wala chakula. Kwa hivyo, anayebaki jijini hafanyi hivyo kwa ajili ya fasheni pekee. Mfuko wake ndio unaomwamulia.

Mwenye nyumba naye ana hesabu yake. Tuseme nyumba hupangishwa kwa Sh60,000 kwa mwezi. Ikikodishwa kwa Sh5,000 kwa usiku, kiasi hicho hupatikana kwa siku 12 tu. Hata baada ya kulipia umeme, intaneti, mfanyakazi wa usafi na ada ya mtandao kama Airbnb, wengi huona kwamba mgeni wa wikendi ana faida kuliko mpangaji wa miaka.

Hapo ndipo shida huanzia. Mpangaji wa miaka ni mwalimu, muuguzi au karani anayetaka kuishi karibu na kazi. Kila nyumba inayogeuzwa kuwa ya wageni huondolewa katika hesabu ya zile anazoweza kukodi, na zinazobaki hupanda bei.

Aidha, anayebaki katika jengo hilo hubeba mzigo usio wake. Bawabu langoni hawezi tena kumtambua mkazi na mpita njia. Muziki wa sherehe hupenya ukutani saa tisa usiku huku mtoto wa jirani akitarajiwa kanisani asubuhi. Maji ya mfereji yakikatika, bowza hulipiwa na wote, hata kama tangi limemalizwa na wageni ambao tayari wamekwenda zao.

Lililo zito zaidi ni usalama. Januari 2024, wanawake wawili waliuawa katika nyumba za aina hii mitaani South B na Roysambu, kwa nyakati tofauti. Mwisho wa mwezi huo, maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine wakidai haki kwa wanawake wanaouawa. Serikali ilijibu kwa kuwataka wenye nyumba hizo wajisajili.

Hata hivyo, wajibu huo haukuwa mpya. Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011 ilikuwa tayari inataka biashara za malazi ya wageni ziwe na leseni. Hoteli huandika jina na kitambulisho cha kila anayelala humo. Nyumba ya kukodi kwa siku, inayofanya kazi ile ile, mara nyingi huachia ufunguo kwa bawabu, na mwenye nyumba na mgeni wake wasionane hata mara moja.

Miji mingine imechukua hatua kali. New York, tangu Septemba 2023, hairuhusu nyumba kukodishwa kwa chini ya siku 30 ila mwenyeji awe amesajiliwa na anaishi humo. Barcelona ilitangaza mwaka wa 2024 kwamba itafuta leseni za takriban nyumba 10,000 za watalii kufikia Novemba 2028.

Si lazima Nairobi ifuate njia hiyo. Marufuku yangewanyima vijana wengi riziki ya kufua, kusafisha na kusimamia nyumba hizi. Lakini Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inawapa wamiliki wa nyumba katika jengo moja uwezo wa kujiwekea kanuni. Wanaweza kuamua kwamba kila mgeni aandikwe langoni, kelele zikome saa nne usiku, na anayekodisha kwa siku atoe mchango mkubwa zaidi wa maji na ulinzi. Nao maafisa wa utalii na polisi wana wajibu wa kukagua, si kungoja maafa mengine ndipo watoe matamko.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika maghorofa ya Kilimani, mgeni amekwisha kuja, ameburudika na kuondoka. Wa kutazamwa sasa ni jirani aliyebaki na ngazi zile zile, tangi lile lile na hofu ya kutojua nani amelala nyuma ya mlango wa pili.